Malimbikizo ya askari walemavu: Ni siku gani inayohesabiwa?

KATIKA vijiji vya Embu na Meru, kuanzia Runyenjes kupitia Chuka hadi kule juu Maua, si vigumu kumpata mwanajeshi mstaafu anayetembea kwa mkongojo au anayekugeuzia sikio moja ukimsemesha. Ukimwuliza kuhusu pensheni yake, usitarajie alalamikie udogo wake pekee. Aghalabu atakueleza habari ya tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Ni jambo ambalo halizungumzwi sana bungeni wala katika mikutano ya hadhara, kwa kuwa linaonekana kuwa la makarani. Ilhali ndilo linaloamua iwapo mtu aliyeumia akilitumikia taifa atapokea maelfu ya shilingi, malaki ya shilingi au hatapokea chochote.

Askari anapoumia kazini, bodi ya madaktari humpima na kutoa kiwango cha ulemavu wake kwa asilimia. Malipo yake ya ulemavu hufuata kiwango hicho. Utaratibu huu, kwa namna moja au nyingine, umetumika katika majeshi mengi duniani kwa zaidi ya karne moja, na hauna ubaya wowote kimsingi. Tatizo ni kwamba asilimia ile huandikwa siku moja, nao mwili huendelea kubadilika.

Goti lililopasuliwa na kushonwa linaweza kumbeba mtu kwa miaka mitano kisha likakataa. Kipande cha chuma kilichoachwa karibu na uti wa mgongo kwa sababu madaktari walihofia kukigusa huweza kusogea. Sikio lililopigwa na mlipuko huzidi kuziba. Na yapo majeraha ya akili, ambayo humwacha mtu akionekana mzima siku ya kupimwa, kisha humrejea usiku miaka kadhaa baadaye, amekwisha kuacha jeshi na kurudi kwake kulima kahawa au kuchuma miraa.

Mtu kama huyo akirudi mbele ya bodi na kiwango chake kikapandishwa, hakuna anayebisha kwamba malipo ya mwezi ujao yapandishwe. Ugomvi huzuka kuhusu miezi iliyopita. Je, nyongeza ihesabiwe tangu lini?

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa hesabu nyepesi. Askari ameacha jeshi Julai 2017 akiwa na ulemavu wa asilimia 30 na malipo ya Sh6,000 kwa mwezi. Januari 2019 daktari wa hospitali ya kaunti anaandika kwamba hali yake imeharibika. Januari 2022 anapeleka ombi la kupimwa upya. Julai 2024 bodi inampandisha hadi asilimia 60, na malipo yake yanakuwa Sh12,000. Nyongeza basi ni Sh6,000 kila mwezi.

Nyongeza hiyo ikihesabiwa tangu siku bodi ilipoamua, malimbikizo yake ni sufuri. Ikihesabiwa tangu siku alipoomba, ni miezi 30, yaani Sh180,000. Ikihesabiwa tangu daktari alipoandika kwamba hali imeharibika, ni miezi 66, yaani Sh396,000. Na ikiwa bodi itakubali kwamba tangu mwanzo alipimwa vibaya, na kwamba ile asilimia 30 haikuwa sahihi hata siku moja, basi ni miezi 84, nazo ni Sh504,000.

Mtu ni yule yule, jeraha ni lile lile na bodi ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kuanzia kuhesabu tu. Kwa mzee wa Kiritiri au Siakago, ambako mvua ni ya kubahatisha, tofauti kati ya sufuri na Sh396,000 ni tofauti kati ya kuuza kipande cha shamba ili mjukuu aende shule ya upili na kutokiuza.

Kila mojawapo ya siku hizo nne ina watetezi wake, na si haki kuwaona wote wanaoshika mikoba ya serikali kuwa watu wenye roho mbaya. Afisa wa fedha atakwambia kwamba serikali haiwezi kulipa kwa jambo ambalo haikulijua. Kabla ya ombi kufika, atasema, hakukuwa na deni. Atauliza pia ushahidi uko wapi: nani atathibitisha leo kwamba goti liliharibika Januari 2019 na si Machi 2021? Hoja hiyo ina uzito. Pensheni za watumishi wa umma hulipwa kutokana na kodi, na kila shilingi sharti iwe na karatasi yake.

Hata hivyo, hoja hiyo hiyo inaipinga siku ya uamuzi wa bodi. Ombi likishapokelewa, serikali imekwisha kujua. Miezi 30 iliyopita kati ya ombi na uamuzi katika mfano wetu si kosa la askari. Ni foleni, ni faili iliyohamishwa, ni bodi iliyoahirishwa kwa kukosa daktari mmoja. Kuhesabu tangu siku ya uamuzi ni kumruhusu mdaiwa apunguze deni lake kwa kuchelewa, na kadiri anavyochelewa ndivyo anavyonufaika. Kwa maoni yangu, kati ya siku zote nne, hiyo ndiyo isiyoweza kutetewa.

Ni vyema kutazama wengine wanafanyaje, hasa kwa kuwa siku hizi si ajabu kukutana na familia yenye mwana anayelitumikia jeshi la Marekani. Kijana huyo huwaeleza wazee wake nyumbani, kwa simu, mambo ambayo huwafanya washangae.

Nchini Marekani sheria imeitaja siku hiyo waziwazi. Kanuni ya jumla ni kwamba malipo huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa au siku haki ilipopatikana, ile inayokuja baadaye. Lakini kwa ombi la kuongezewa kiwango kuna nafuu: ikiwa ushahidi unaonyesha kwamba hali iliharibika ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi, hesabu hurudishwa nyuma hadi siku hiyo. Tangu 2015 mkongwe anaweza pia kutuma taarifa fupi kwamba anakusudia kuomba, na taarifa hiyo humshikia tarehe kwa mwaka mmoja anapotafuta karatasi zake. Na ikigunduliwa kwamba uamuzi wa awali ulikuwa na kosa la wazi lisiloweza kubishaniwa, uamuzi huo hufutwa na hesabu hurudi hadi mwanzo, hata kama ni miongo kadhaa.

Msomaji asidhani kwamba utaratibu huo hauna dosari. Nafuu ile ya mwaka mmoja ina ncha kali upande wa pili. Aliyeharibikiwa miezi 10 kabla ya kuomba hurudishiwa miezi 10. Aliyeharibikiwa miaka mitatu kabla ya kuomba, kama askari wa mfano wetu, harudishiwi hata mwezi mmoja wa kabla ya ombi. Huhesabiwa tangu siku ya ombi basi. Aliyevumilia zaidi ndiye anayepoteza zaidi. Wazee wetu, ambao wamelelewa wakiamini kwamba mwanamume halalamiki ovyo, wangeumia sana chini ya kanuni kama hiyo.

Uingereza nayo ina taratibu mbili. Walioumia kabla ya Aprili 6, 2005 wako chini ya pensheni za vita za zamani, ambamo ulemavu wa asilimia 20 na zaidi hulipiwa pensheni ya kila wiki, na wa chini ya hapo hulipiwa kwa mkupuo. Walioumia kuanzia siku hiyo wako chini ya mpango mwingine, wenye jedwali la majeraha lililogawanywa katika ngazi 15, na ambao kwa kawaida humtaka mtu adai ndani ya miaka saba. Katika taratibu zote mbili, mtu anaweza kusoma mahali fulani na kujua siku yake ni ipi.

Uingereza inatuhusu zaidi ya hapo, kwa sababu wakongwe wa kwanza wa eneo hili walikuwa wake.

Wakenya wapatao 98,000 waliandikishwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Wengi walikuwa katika King's African Rifles, KAR, ambayo wazee wengi huiita Keya hadi leo. Mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana ikishuka Bonde la Kabaw kule Burma katikati ya mvua za masika ya huko, matope yakifika magotini, malaria na risasi zikishindana kuua. Vijana kutoka Embu na Meru walikuwamo.

Ndugu yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi na sikio moja lisilosikia na pumu ambayo familia nzima iliitambua kwa sauti kabla hajabisha hodi. Alikuwa na kisanduku cha bati chenye karatasi zake za kuachishwa jeshi, na nilipokuwa shule ya msingi alinituma nimsomee mara nyingi, kana kwamba maneno yangebadilika. Anasimulia kwamba miaka mingi baada ya vita alikwenda katika ofisi moja kuomba sikio lake litazamwe upya, kwa kuwa na la pili lilikuwa limeanza. Aliambiwa kwamba huo ni uzee. Hakurudi tena. Nimesema "anasimulia" kwa mazoea, alifariki zamani.

Kisa chake hakikuwa cha pekee. Mapema mwaka wa 2019 iliripotiwa kimataifa, kwa ushahidi wa nyaraka za wakati huo, kwamba bahashishi ya kumaliza vita ilikuwa imepangwa kwa kufuata rangi ya ngozi. Askari mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile kwa kila mwezi wa utumishi. Kwa maneno mengine, kabla hata ya kuulizana asilimia ya jeraha, thamani ya mwili wenyewe ilikuwa imekwisha kupangwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia wakongwe wa majeshi ya kikoloni walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ni msaada uliohitajika, na hakuna haja ya kuubeza. Lakini msaada si malimbikizo. Msaada huanza siku mtoaji anapoamua kutoa. Malimbikizo huanza siku deni lilipoanza, na ndiyo maana serikali yoyote hupendelea neno la kwanza.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi zaidi katika kesi ya Mau Mau, ambayo hapa kwetu haiwezi kuachwa nje. Wilaya ya Embu ya enzi hizo ilijumuisha Kirinyaga na Mwea, na humo ndimo zilimokuwa kambi za Thiba, Gathigiriri na Kandongu, ambako mwaka wa 1957 mbinu za kuwavunja wafungwa kwa kipigo ziliratibiwa kama sera. Jane Muthoni Mara, mmoja wa walalamishi wachache waliofika mahakamani jijini London kwa niaba ya wengi, aliteswa katika kambi ya Gatithi. Meru nayo ilikuwa na msitu wake na majemadari wake, akiwamo Musa Mwariama, aliyetoka msituni akiwa hai uhuru ulipopatikana.

Oktoba 5, 2012, Jaji McCombe aliamua kwamba walalamishi watatu wangeweza kusikilizwa licha ya nusu karne kupita, kwa sababu Waingereza wenyewe walikuwa wameandika kila kitu na kukihifadhi. Juni 6, 2013, Waziri wa Mashauri ya Kigeni William Hague alitangaza bungeni suluhu ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani. Hata tukigawanya kiasi chote hicho bila kuondoa senti ya mawakili, kila mmoja hafikishi pauni 4,000. Mtu aliyehasiwa au kuvunjwa mguu mwaka wa 1957 alikuwa ameishi na ulemavu huo kwa miaka 56.

Hapo ndipo hesabu ya tarehe inapoonyesha kazi yake. Suluhu ile haikuwa na mwaka wa kuanzia. Haikuuliza mtu amelemaa tangu lini, wala haikukokotoa miezi. Ilikuwa mkupuo mmoja wa mwisho, pamoja na maneno ya majuto na ahadi ya mnara wa kumbukumbu, ambao ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015.

Wale waliokosa kuingia katika orodha ya 5,228 walijaribu tena. Zaidi ya watu 40,000 walijiunga na kesi ya pili. Mwaka wa 2018 Jaji Stewart aliitupilia mbali, akikataa kuwaongezea muda ambao sheria ya Uingereza ya ukomo wa madai ilikuwa imekwisha kuwafungia. Kwa mara nyingine, madai yalikwamia kwenye kalenda.

Ni rahisi kuwalaumu Waingereza na kuishia hapo. Lakini serikali yetu wenyewe iliwaacha Mau Mau wakiwa chama haramu kwa mujibu wa sheria hadi Agosti 31, 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mkongwe ambaye chama chake ni haramu hawezi kwenda ofisi yoyote kuomba apimwe. Sheria ya Mashujaa ilitungwa 2014, na wengi wa waliostahili walikuwa wamezikwa. Katika hesabu hii, Nairobi imechelewa karibu sawa na London.

Na sasa tuna wakongwe wapya. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Shambulio la El Adde, Januari 15, 2016, na lile la Kulbiyow, Januari 27, 2017, yaliacha wajane na pia yaliacha vijana walio hai ambao hawakurudi walivyokwenda. Wengi wao hawajafikisha umri wa miaka 45. Ikiwa goti au akili ya mmoja wao itaharibika akiwa na miaka 55, atakuwa na miaka mingi ya kudai, na swali la tarehe litamfuata muda wote huo.

Anasimama wapi kisheria? Kwanza, hayuko mahali aliko jirani yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai aliyekatwa mkono na mashine analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo ina jedwali la asilimia za viungo na kanuni ya kukokotoa kwa mapato ya miezi 96. Sheria hiyo inawahusu hata watumishi wa serikali, lakini inawatenga wanajeshi kwa kuwataja. Wao wana kanuni zao za pensheni chini ya sheria za ulinzi. Si vibaya kwamba wako kando, kwani kazi yao ni ya kipekee. Ubaya ni kwamba jedwali la mfanyakazi wa kiwandani linaweza kusomwa na wakili yeyote mjini Embu, hali mwanajeshi wa cheo cha chini hutegemea aliyoambiwa kwa mdomo siku ya kuondoka kambini.

Pili, Katiba ya 2010 imempa silaha ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa haki na unaofuata sheria, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Bunge liliitungia haki hiyo sheria mwaka wa 2015. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nayo sheria yake ni ya 2016. Kwa hiyo askari aliyepandishwa kutoka asilimia 30 hadi 60 bila kuambiwa kwa nini hesabu yake inaanza Julai 2024 ana haki ya kuandika barua na kudai sababu. Barua hiyo haigharimu wakili.

Tatu, kuna mtego. Sheria ya ukomo inayohusu mashtaka dhidi ya serikali, Sura ya 39, humpa mtu miezi 12 kwa madai ya madhara na miaka mitatu kwa madai ya mkataba. Anayekaa nyumbani akingoja faili "ishughulikiwe" anaweza kugundua kwamba subira yenyewe imetumiwa dhidi yake. Kuna njia ya kuomba korti imtazame kwa jicho la Katiba, na mahakama zetu zimeonyesha huruma mara kadhaa, lakini hakuna anayepaswa kuiwekea dau njia hiyo.

Na hata akishinda, kushinda si kulipwa. Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, Sura ya 40, hairuhusu dalali kukamata mali ya serikali. Mshindi huchukua cheti cha deni, hukipeleka wizarani, na akipuuzwa hurudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe. Waulizeni walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2003. Mshahara uliokuwa umeafikiwa 1997 haukuhesabiwa kikamilifu katika pensheni zao. Wakaenda mahakama kuu mjini Nakuru na wakashinda 2008. Walikuwa zaidi ya 50,000. Miaka zaidi ya kumi baada ya ushindi huo wapo waliokuwa bado wanadai, na wapo waliofariki wakidai. Kama walimu, wenye chama, kalamu na sauti, walisumbuka hivyo, koplo mmoja wa Igembe atafanya nini peke yake?

Hapo ndipo mambo madogo yanapogeuka makubwa. Kutoka Embu hadi Nairobi ni takriban kilomita 130. Kutoka Meru ni zaidi ya 200. Mzee mwenye mguu wa bandia hupanda matatu alfajiri, hushuka Tea Room, huuliza njia, hufika ofisini saa tano na kuambiwa arudi na nakala ya karatasi aliyoiacha nyumbani. Safari tatu za namna hiyo humaliza nyongeza ya miezi miwili. Kuna vituo vya Huduma mjini Meru na Embu, navyo vimepunguza adha hiyo kwa mambo mengi, lakini bodi ya madaktari haikai katika dirisha la Huduma.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wa eneo hili hulielewa kuliko waume wao. Mwanajeshi akifariki ombi likiwa mezani, je, miezi aliyokuwa anaidai hufa naye? Marekani ilirekebisha sheria yake mwaka wa 2008 ili mjane au mtegemezi mwingine aweze kuingia mahali pa marehemu na kuendeleza dai lile lile, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja. Hapa kwetu, deni ni sehemu ya mali ya marehemu, nalo hudaiwa na msimamizi wa mirathi. Maana yake ni kwamba mjane sharti kwanza apate barua ya chifu, afungue faili ya mirathi chini ya Sura ya 160, asubiri tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na ahakikishe mashemeji hawajapinga. Akimaliza hayo yote ndipo anapoweza kuuliza habari ya tarehe.

Mwaka wa 2022 bunge lilipitisha Sheria ya Wakongwe wa Kijeshi, nayo ikatiwa sahihi mwaka huo huo. Ni mara ya kwanza kwa Kenya kuwa na sheria nzima inayoshughulikia manufaa ya waliotoka jeshini na wategemezi wao. Wakongwe waliipokea kwa matumaini, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini sheria ya namna hiyo huishi au hufa katika kanuni zake ndogo, na siku ya kuanzia kuhesabu ni jambo la kanuni ndogo.

Mwandishi huyu angependekeza siku ya ombi iwe sakafu, pasiwe na anayelipwa pungufu ya hapo. Pale ambapo cheti cha hospitali ya umma kinaonyesha kwamba hali iliharibika mapema, hesabu irudi hadi tarehe ya cheti, bila kikomo cha mwaka mmoja cha Wamarekani. Hospitali za Embu na Meru hutunza rekodi, na daktari wa serikali aliyetia muhuri mwaka wa 2019 hakujua kwamba kutakuwa na dai mwaka wa 2022. Ushahidi wake hauna hila. Na pale bodi inapokiri kwamba ilikosea tangu mwanzo, ilipe tangu mwanzo, kwani kosa lilikuwa lake.

Hazina itasema gharama ni kubwa. Huenda. Lakini gharama hiyo haiwezi kujulikana mpaka kila barua ya kupandishwa kiwango iwe na mistari miwili: siku hesabu inapoanzia, na sababu ya kuchaguliwa kwa siku hiyo. Barua nyingi nilizoonyeshwa katika miaka ya kazi yangu zilitaja asilimia mpya na kiasi kipya, zikanyamaza kuhusu hayo mawili.

Kwa wakati huu, anayekusudia kurudi mbele ya bodi na aandike ombi lake hata kabla hajakusanya karatasi zote, alipeleke kwa mkono au kwa barua ya rejista, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Cheti cha daktari kinaweza kufuata baadaye. Muhuri huo wa kupokelewa ndio utakaoulizwa kwanza, na aliyeukosa mwezi huu hawezi kuupata kwa tarehe ya mwezi uliopita.